Folda ya Mzee wa Bugarama

Alikuja mlangoni kwangu asubuhi, sijamaliza hata kuwasha mashine, akasimama kwenye kizingiti bila kuingia. Ni karani wa masijala. Tumefanya kazi pamoja miaka kadhaa katika hospitali hii ya kanisa hapa Ngara, na sikuwahi kumwona akianza na shida yake kabla ya kuuliza za nyumbani, za watoto, za mvua huko kwetu Biharamulo. Siku hiyo hakuuliza lolote. Alisema, "Dada, majibu ya baba mkwe hayajaja mpaka leo."

"Yale ya Mwanza?"

"Yale ya Mwanza. Daktari anasema bila majibu hana la kufanya. Na uvimbe unazidi kukua, dada. Sasa hata uji anaumeza kwa taabu."

Baba mkwe wake alikuwa mzee wa Bugarama, mkulima wa ndizi na kahawa, mtu mrefu mwenye maneno yake. Uvimbe ulimtoka shingoni, chini ya sikio, akakaa nao muda mrefu akisema ni jipu tu limekosa pa kutokea. Mkamwana huyu ndiye aliyehangaika. Alipitia kwa mumewe, akapitia kwa mama mkwe, akapitia mpaka kwa katekista, ndipo mzee akakubali kuja hospitalini. Daktari wetu akamkata kinyama kidogo, kikatiwa kwenye chupa yenye dawa, kikapandishwa basi mpaka Nyakanazi, pale kikabadilishiwa gari, kikaenda Mwanza kwenye hospitali kubwa. Sisi hapa hatuna vipimo vya namna hiyo. Wao wakishapima hututumia majibu kwa barua pepe, na kama ni kitu kibaya huandika humo humo lini mgonjwa aende kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo uhai wa yule mzee ulikuwa unasubiri barua moja.

Na barua zote hapa zinapita kwangu. Cheo changu kwenye karatasi ni afisa TEHAMA. Walinzi na wauguzi wananiita fundi kompyuta, na wakitaka kunichokoza wananiita Msubi, kwa kabila langu, wakimaanisha hasira zangu. Nakasirika upesi, sikatai. Mama yangu kule Runazi anasema mimi ni chungu kinachochemka bila kuni.

Nikamwomba namba ya sampuli. Alikuwa ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu, akaninyooshea mkono nikaisoma. Nikapiga simu maabara ya Mwanza hapo hapo, yeye akiwa bado amesimama.

"Hiyo tulishatuma, dada," akasema kijana wa maabara. "Siku nyingi."

"Mlituma wapi?"

"Kwenye anwani yenu ile ile ya siku zote. Angalieni vizuri."

"Tunaangalia vizuri kila siku!"

"Basi angalieni vibaya, labda mtaiona."

Nilikata simu nikiwa nawaka. Hawa watu wa mjini wana dharau, nikamwambia karani, wanadhani huku porini hatujui kufungua barua. Aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye hakuja kusikiliza maneno yangu, akasema ana wagonjwa dirishani, akaondoka.

Seva yetu inakaa katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa, pamoja na betri za sola na maboksi ya fomu za zamani. Ukiwa na shida ya barua, mahali pa kuanzia ni pale, kwa sababu seva ina tabia nzuri kuliko binadamu: kila kinachoingia inakiandika. Inaandika kimetoka wapi na kama kimepokelewa au kimekataliwa. Haikwambii ndani mna nini, ila inakwambia mgeni alifika mlangoni. Nikarudi nyuma siku hadi siku. Barua za maabara ya Mwanza zilikuwa zimeingia, zaidi ya moja, na hakuna hata moja iliyokataliwa. Yule kijana hakusema uongo.

Kwanza nikafurahi, kwamba ipo. Halafu nikashtuka. Kama ipo humu ndani muda wote huo na mtu anameza uji kwa taabu, basi shida si mtandao wala si Mwanza. Shida iko kwetu.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi tulivyozoea kufanya. Zamani karani alikuwa akifungua barua moja moja na kuzigawa kwa mkono, na kwa wingi wake alikuwa hamalizi. Tukaweka kanuni. Kanuni ni amri unayoiandikia seva: ukiona barua yenye maneno fulani kwenye kichwa chake, iweke kwenye folda fulani. Ni kama mama anavyochambua maharage kwenye ungo, ya njano huku, ya madoa huku, mawe pembeni. Kwa wagonjwa wa sampuli za Mwanza, desturi yetu ilikuwa kila mgonjwa apate folda yake yenye jina lake kamili, na kanuni yake inayotafuta jina hilo hilo, maana Mwanza huandika jina la mgonjwa kwenye kichwa cha barua. Nilimfundisha karani kuzitengeneza, akaelewa mara moja, na tangu hapo akawa anazitengeneza mwenyewe. Folda zake zilikuwa safi. Nilikuwa nawaonyesha makarani wengine waige.

Chini kabisa ya kanuni zote kulikuwa na ile ya mawe. Barua yoyote ya Mwanza isiyo na jina la mgonjwa wetu hata mmoja iende folda ya Mengineyo, na ihesabike imeshasomwa, isimsumbue mtu. Kanuni hiyo aliitaka mganga mfawidhi mwenyewe, kwa kuwa kule hawachoki kutuma mialiko ya semina na salamu za sikukuu. Folda ya Mengineyo hakuna aliyekuwa anaifungua. Hata mimi sikuwa na sababu ya kuifungua.

Nikaenda masijala, nikavuta kiti nikakaa pembeni yake. Nikamwambia afungue sanduku la barua, tuangalie folda moja baada ya nyingine. Majina ya watu yakajipanga upande wa kushoto wa kioo, la kwanza, la kati, la ukoo, kama yalivyo kwenye mafaili. Katikati yao ikawapo moja isiyofanana na nyingine. Ilikuwa imeandikwa Mzee wa Bugarama. Nikaibonyeza. Tupu.

"Hii ya nani?"

"Ndiyo yake."

"Na jina lake liko wapi?"

Akasogeza rundo la mafaili lililokuwa limeshapangwa.

"Kanuni yake inatafuta nini?" Sikusubiri anijibu, niliifungua mwenyewe. Ilikuwa inatafuta maneno yale yale, Mzee wa Bugarama. Hapo chungu kikachemka. "Jamani! Mwanza nani anamjua mzee wa Bugarama? Bugarama ina wazee wangapi? Wale wanaandika jina lililo kwenye fomu, hawana lingine. Na wewe unajua, folda zote hizi umezitengeneza wewe! Hii uliitengeneza umelala?"

Sauti yangu ilifika mpaka kwenye mabenchi ya wagonjwa. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri faili dirishani akarudi nyuma hatua moja. Karani alikuwa anaangalia mikono yake juu ya meza.

"Dada," akasema polepole, "yule ni baba wa mume wangu."



Kwa mtu wa mbali huenda jambo hili likaonekana dogo. Hapa Ngara mwanamke aliyeolewa katika nyumba inayoshika heshima za zamani halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji kwa hasira, halitaji kwa furaha, na hata mambo yenye majina yanayokaribiana nalo huyatafutia jina lingine. Wengi wameacha, hasa waliokwenda shule, na wapo wanaowacheka wasioacha. Mimi siwezi kucheka. Babu yangu mzaa baba alikuwa na jina linalofanana na neno la mvua kwa lugha yetu, na mama yangu mpaka leo, babu akiwa kaburini, wingu likitanda anasema, "Anueni, maji ya juu yanakuja." Tulipokuwa wadogo tulimwigiza siku moja, tukachapwa wote, hata ambaye alikuwa anasikiliza tu.

"Lakini kuandika si kutamka," nikamwambia, sasa kwa sauti ya chini.

"Kwangu mimi ni kutamka kwa vidole."

Akanieleza, akisimama kila mara kuhudumia dirishani na kurudi. Fomu ya sampuli aliijaza daktari, kwa hiyo jina likaenda Mwanza bila yeye kuligusa. Yeye kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua pepe kwamba sampuli inakuja, na kutengeneza folda. Barua akaipa kichwa Mzee wa Bugarama, akiamini watamjibu juu ya barua ile ile, kama watu wanavyojibizana, na kanuni itaikamata. Hakujua kwamba majibu ya maabara hayajibiwi juu ya barua ya mtu. Yanatoka kwenye mashine yao moja kwa moja, barua mpya, yenye jina la kwenye fomu. Basi kila asubuhi alifungua folda ile kabla ya nyingine zote, akaikuta tupu, na mwisho wa juma alipokwenda Bugarama akamwambia mkwewe, "Bado, baba."

"Sasa si ungetafuta? Kuna pale juu, unaandika tu jina la..." Nikasita. Ili utafute lazima uandike, na namba ya sampuli Mwanza hawaiweki kwenye kichwa cha barua.

"Ningemwomba mtu," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwomba mtu. Kisha nasema, labda Mwanza wenyewe hawajamaliza. Na nilikuwa naogopa pia, dada. Nilikuwa naogopa yasije yakawa mabaya."

Nikamwomba aniambie jina, au aniandikie kwenye karatasi. Alitikisa kichwa. Akavuta droo, akatoa kadi ya bima ya mzee, akailaza mezani kifudifudi, akaisukuma taratibu mpaka kwangu. Nikaigeuza na kulisoma. Silitaji na mimi hapa. Sina mila inayonizuia, nimeona tu nimwachie mwenyewe jina lake. Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, naye akageuza uso akaangalia dirishani wakati vidole vyangu vikigonga.

Ilikuwa kwenye Mengineyo. Ilikuwa katikati ya mwaliko wa semina ya usafi na salamu za sikukuu zenye picha ya maua, na imewekwa alama kuwa imeshasomwa. Seva ilikuwa imefanya vile vile ilivyoambiwa.

Nikaifungua. Waliandika kwamba ni saratani, kwamba kwa jinsi ilivyo bado inafaa kukatwa, kwamba kitanda kimeandaliwa na mgonjwa afike kabla ya mwezi kwisha. Mwisho wakaongeza, kwa mkono wa mtu na si wa mashine, kwamba tafadhali asicheleweshwe. Mwezi ulikuwa umeshakwisha, na mwingine ulikuwa unaelekea ukingoni.

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga kelele, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mwanza walituma. Seva ilitii. Na huyu aliyekaa pembeni yangu alikuwa amemheshimu baba wa mume wake. Nilitamani awepo mvivu mmoja mahali fulani, mlevi, mtu aliyeiacha barua kwa uzembe, nimshukie. Hakuwepo.

"Imekuja?" akauliza, bado anaangalia dirishani.

"Imekuja."

"Lini?"

Nikamwambia. Hakulia. Akaniomba niichape. Karatasi ilipotoka kwenye printa akaishika kwa ncha, akaikunja maandishi yakiwa ndani, akaipeleka kwa daktari mwenyewe. Yule mama wa dirishani akaniuliza kama karani anarudi. Nikamtafutia faili lake.

Daktari alipiga simu Mwanza siku hiyo hiyo. Wakasema kitanda ameshapewa mwingine, lakini mleteni hivyo hivyo. Mume wa karani akaomba ruhusa kazini akampeleka baba yake, maana yeye mkamwana kukaa kiti kimoja na mkwewe safari nzima isingewezekana. Akabaki hapa, anafungua na kufunga mafaili ya watu, simu iko mapajani. Simu ilipolia aliichukua akatoka nje. Niliona kwa dirisha jinsi alivyosikiliza, ameegemea ukuta. Wapasuaji walikuwa wamemwangalia mzee wakasema saratani imeshashuka ndani, ukikata unamuua mezani. Walimpa dawa ya maumivu, wakamwambia arudi nyumbani kwake.

Mganga mfawidhi akaitisha kikao. Ni mtu mzuri, ila akishika methali haiachii, na siku hiyo aliishika hii: mficha maradhi kifo humuumbua. Akairudia huku akimtazama karani. Akasema mila zibaki nyumbani, kazini tufanye kazi.

"Hakuficha maradhi, mheshimiwa," nikasema. "Yeye ndiye aliyemleta mgonjwa."

"Sisemi hakumleta. Nasema mila isiingie kwenye mashine."

"Imo tangu siku tulipoamua folda zibebe majina ya watu. Majina ya watu yana wenyewe. Kesho atakuja karani mwingine ana mgonjwa wake ambaye hawezi kumtaja, tutarudi hapa hapa."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Namba. Folda zibebe namba za sampuli, na tuwaombe Mwanza waandike namba kwenye kichwa cha barua. Namba haina mkwe. Na barua ya maabara isiende Mengineyo kamwe, ikikosa folda ibaki mlangoni ionekane."

Akakubali. Alikuwa amekuja na wazo la kumwandikia karani onyo, nililiona kwenye karatasi mbele yake, lakini hakulisema. Nadhani aliutazama uso wa yule mwanamke akaona mtu ameshaandikiwa la kwake.

Kazi ya kubadilisha majina ya folda tuliifanya pamoja, mimi na yeye, ofisini kwangu. Si kazi ngumu ila inataka uangalifu. Ukibadilisha jina la folda ukasahau kanuni yake, seva haikugombezi. Inaumba tu folda nyingine yenye jina la zamani, inaiweka mahali usipopaona, inaendelea kutupa barua humo, na wewe unangoja. Kwa hiyo kila folda tuliigusa mara mbili, jina kwanza, kanuni baadaye, kisha tunajitumia barua ya majaribio kuona inaangukia wapi. Yeye alinisomea namba kwenye kitabu cha sampuli, mimi nikaandika. Tulipofika kwenye Mzee wa Bugarama alisoma namba bila kutazama kitabu.

Nikaandika. Nikajaribu. Barua ikaangukia mahali pake.

"Dada," akasema, "kama ningeandika jina, angepona?"

Watu wananijua kwa kusema ukweli bila kuuvalisha nguo. Nilikuwa nimeisoma barua ile. Bado inafaa kukatwa, waliandika. Lakini nimeona pia hapa hospitalini watu waliokatwa mapema wakafa, na waliochelewa wakaishi kuwazika wengine.

"Sijui," nikamwambia.

"Unajua."

"Sijui, mdogo wangu. Haki ya Mungu, sijui. Maji yameshamwagika."

Akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa uliofuata, akanisomea namba ya mgonjwa mwingine.

Jumamosi moja tukaenda Bugarama kumjulia hali, wafanyakazi kadhaa ndani ya gari la hospitali, na sukari na sabuni na mchele kama kawaida ya kwenda kwa mgonjwa. Karani alikuwa ametangulia huko tangu jana yake. Nilikwenda kwa shingo upande. Niliogopa kumkuta mzee amejaa uchungu, au nyumba nzima imemgeuka mkamwana, kwa maana habari ilikuwa imeshawafikia. Mume wake hakuwaficha. Aliwaeleza yote waliporudi kutoka Mwanza.

Mzee alikuwa nje, kwenye kiti cha mbao, ameegeshwa ukutani apate jua, shingo imefungwa kitambaa. Wazee wenzake wamekaa mabenchi mawili pembeni, wana rubisi yao, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, wananong'ona. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imebaki ndogo, inakwaruza. "Ni wewe Msubi mwenye mashine?"

"Ni mimi, baba."

"Basi kaa hapa. Wewe ni shahidi wangu."

Akaniwekea mkono begani kunizuia nisiinuke. Akawageukia wale wazee, nao wakaacha kunong'ona.

"Huyu aliiona kwa macho yake," akasema. Alikuwa anasema maneno machache, anapumzika, anaendelea. "Nina wakamwana wanne. Wengine wananitaja nyuma ya nyumba wakipika, wanadhani nimelala. Nina masikio. Lakini huyu mmoja! Huko kwenye mashine mimi sipo. Mume wake hayupo. Hakuna mtu wa kumwona. Na hata huko hakulitaja. Eti, Msubi, alilitaja?"

"Hakulitaja, baba."

"Mmesikia? Aliandika Mzee wa Bugarama." Akacheka, kicheko kikamuumiza, akashika shingo mpaka maumivu yakapita. "Mzee wa Bugarama! Kana kwamba niko peke yangu. Haya semeni, nani hapa ana mkamwana kama huyu?"

"Hakuna," wakasema wazee. "Hakuna kabisa."

"Wanasema barua ilichelewa kwa ajili hiyo. Ichelewe. Kufa kila mtu atakufa. Wangapi wanakufa wameheshimiwa?"

Hakuwa anajifariji, wala hakuwa anamtetea mtu. Nilimtazama karibu kabisa na nina hakika. Mzee alikuwa na furaha ya kweli. Alikuwa na kitu cha kuwaringia wenzake, na alikuwa anakitoa kila mtu akione. Nilishindwa kuvumilia, machozi yakanitoka, na wazee wakadhani nalia kwa uzuri wa maneno yake.

Karani alikuwa anapita na trei ya chai. Alipiga magoti mbele ya kila mgeni, anatoa kikombe kwa mikono miwili, macho chini, kama inavyotakiwa. Mkwewe alipomsifu alitulia pale pale magotini mpaka sifa zikaisha, kisha akainuka akaenda kwa aliyefuata. Vikombe vilipokwisha akaingia jikoni, nami nikamfuata kwa kisingizio cha kuosha mikono.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anasogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Anawaambia wageni wote," akasema. "Jana walikuja watu wa jumuiya, akawaambia. Asubuhi wamekuja shangazi zake mume wangu, akawaambia. Anawatuma watoto wakaite majirani waje kusikia. Tangu niolewe hapa, dada, hajawahi kunisifu mbele za watu."

Nikachuchumaa pembeni yake.

"Bora angenitukana," akasema. "Bora angenifukuza nirudi kwetu. Hapo ningelia."

Nje mzee akamwita. Walikuwa wamefika wageni wengine, wamtazame mkamwana mwenyewe. Akaitika, "Abee, baba," akajifuta moshi usoni kwa ncha ya kanga, akachukua vikombe, akaenda kupiga magoti.